Mama Turubai na Maji Yaliyokuwa Juu ya Mtaa Wetu

Wasikilizaji wapendwa, sauti yangu leo si ile mliyoizoea. Nimekunywa maji ya moto, nimekohoa pembeni, lakini bado haijarudi. Mnivumilie.

Leo tunamkumbuka mwanamke mmoja aliyefanya kazi kwenye ujenzi kwa miaka zaidi ya thelathini, na hakuwahi kujenga hata ukuta mmoja. Kazi yake ilikuwa udongo. Kazi yake ilikuwa vumbi. Kazi yake ilikuwa kuuliza maji ya mvua yatapita wapi. Kila saiti aliyopita walimwita Mama Turubai, na mimi nitamwita hivyo hivyo.

Amefariki Jumanne iliyopita, saa tatu asubuhi, hospitalini, kwa ugonjwa wa kifua. Narudia kwa waliofungua redio sasa hivi. Mama Turubai amefariki Jumanne iliyopita, akiwa na miaka sitini na mmoja.

Kwa nini Turubai? Kwa sababu hakuweza kuona lundo la mchanga au la udongo limekaa wazi. Wingu likijitokeza tu, yeye huyo mbio na turubai. Upepo ukivuma, turubai. Vibarua walikuwa wakitaniana kwamba ukikaa kitako muda mrefu, mama huyu atakufunika wewe pia, na mawe ataweka pembeni usipeperuke.

Mimi nilimfahamu kwa ugomvi. Miaka kumi na moja iliyopita lilianza kujengwa jengo la ghorofa saba juu ya mtaa wetu. Mtaa wetu umekaa kwenye mteremko. Saiti iko juu, nyumba zetu ziko chini, katikati kuna ukuta wa matofali. Kilikuwa kiangazi. Chai ulikuwa unainywa na vumbi lake. Nguo unazianika nyeupe, unazianua rangi ya karanga. Nikasema redioni, hapa hapa, kwamba wajenzi wale hawana haya.

Kesho yake asubuhi nikaambiwa kuna mama ananisubiri mapokezi. Nikamkuta amekaa ukingoni mwa kiti, amevaa gambuti, kofia yake ya plastiki ameipakata magotini. Mikono inamtetemeka.

Akaniambia, "Mimi ndiye mwenye lile vumbi."

Nikadhani ni mwenye jengo. Akasema hapana, yeye ni mfanyakazi tu, ila vumbi ni lake. "Umesema kweli, mtangazaji. Lori la kumwagia maji limeharibika siku ya tano leo. Nimekuja uniambie watoto wanaokohoa wako nyumba zipi."

Nikamtajia. Akaandika kwenye daftari, pole pole, nyumba kwa nyumba. Nikamuuliza mbona anatetemeka, kwani mimi nimemtisha? Akasema, "Naogopa vitu vingi. Leo ni ngazi zenu. Hazina pa kushikia."

Baada ya siku tatu lori la maji lilikuwa linapita asubuhi na mchana. Malori ya udongo yakaanza kufunikwa na kutembea mwendo wa kinyonga. Nikasahau habari ile. Na yeye pia nikamsahau.

Binti yake ni mshonaji. Jumatano nilikwenda kumpa pole. Tulikaa kwenye chumba chake cha cherehani, vipande vya vitambaa vimetapakaa chini ya miguu yetu. Yeye ndiye aliyenieleza hofu ya mama yake ilianzia wapi.

Mama Turubai alikuwa na miaka ishirini na saba. Alikuwa kibarua wa kubeba kokoto kwenye ujenzi wa ghala. Alikuwa na rafiki, mpishi wa saiti ile, mwanamke mcheshi aliyewapikia mafundi kwenye kibanda cha mabati. Nyuma ya kibanda kulikuwa na lundo la udongo uliochimbwa msingini. Lundo refu kuliko kibanda chenyewe. Halikufunikwa. Halikuzuiwa na chochote. Kila siku walikuwa wakiambiwa litaondolewa.

Mchana mmoja ikanyesha mvua ya nusu saa. Nusu saa tu, wasikilizaji wapendwa. Mama Turubai alikuwa amejibanza chini ya lori pamoja na wenzake. Akasikia sauti.

"Mama alisema haikuwa sauti kubwa," binti yake ananiambia. "Alisema ilikuwa kama mtu anaburuta gunia sakafuni. Akageuka aone nani anaburuta gunia. Kibanda hakipo."

Walichimba kwa mikono na kwa makarai. Walimfikia mpishi baada ya dakika arobaini. Alikuwa bado ameshika mwiko.

Tangu siku ile, mama huyu aliishi roho mkononi. Mvua ikianza alizima redio ili asikilize nje. Akilala, gambuti ziko kando ya kitanda, midomo ya gambuti imeelekea kitandani, tayari kuingizwa miguu.

"Nyumba zote tulizopanga," anasema binti, "mama hakuangalia bati wala choo. Aliomba ndoo ya maji. Anaimwaga uani, anachuchumaa, anatazama inakwenda wapi. Mwenye nyumba anabaki kutuangalia. Tumekataa nyumba mbili kwa sababu ya ndoo ya maji."

Lakini sikilizeni alichofanya na hofu hiyo. Hakuacha kazi ya ujenzi. Alibaki humo humo, akaanza kuuliza. Aliwauliza wahandisi, aliwauliza madereva wa mashine, aliwauliza mafundi wa barabara. Akajifunza kuzungushia saiti kitambaa kigumu kilichofungwa kwenye vigingi, na kukizika chini shubiri nzima, ili maji yapite na udongo ubaki. Akajifunza kutandaza mawe makubwa getini ili matairi ya malori yaache tope pale, yasilitapakaze barabarani. Akajifunza kupanda nyasi kwenye mteremko siku ile ile unapokatwa, bila kungoja jengo liishe. Na kila asubuhi alihesabu watu. Wangapi wameingia, wako wapi. Kila asubuhi, bila kukosa.

Kibarua mgeni akimcheka, alimwambia, "Mimi hapa nalipwa kuogopa. Wewe jenga."

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Nitakwenda taratibu, kwa sababu mimi mwenyewe nimeijua siku hii wiki hii. Imenichukua miaka kumi na moja kuijua. Nimeelezwa na binti yake. Nimeelezwa pia na dereva wa mashine ya kuchimba, mzee mmoja ambaye wenzake walimwita Breki, kwa sababu hakuwahi kuonekana ana haraka na jambo lolote. Nilimkuta msibani, amekaa peke yake, kikombe cha chai kimepoa mkononi.

Kule juu, kati ya ukuta wa mtaa wetu na shimo la msingi, kulikuwa na bwawa. Msifikirie bwawa la kuogelea. Maji ya mvua yakipita kwenye saiti yanabeba udongo. Ukiyaachia, yanaziba mitaro na kuingia majumbani. Kwa hiyo yanaelekezwa bwawani yatulie, udongo uzame, kisha maji mepesi yatoke kwa bomba mpaka mtaroni.

Bwawa lile lilishikiliwa na tuta la udongo, upande wa kwetu. Tuta lilijengwa haraka haraka. Halikushindiliwa vizuri. Mama Turubai alimwambia mhandisi mara tatu. Mhandisi akajibu litashindiliwa wakishamwaga zege la msingi. Zege lilikuwa limwagwe Jumamosi. Mvua ikaja Alhamisi.

Narudia ili picha iwe wazi. Juu, bwawa. Upande wa kulia, tuta bovu, na chini yake nyumba kumi na nne. Upande wa kushoto, shimo la msingi, kina cha ghorofa mbili, limejaa nondo zilizofungwa kwa wiki tatu, na ndani yake watu kumi na wawili wako kazini.

Nyumba ya tatu kati ya zile kumi na nne ni yangu. Mimi nilikuwa hapa studio. Kwenye chumba cha nyuma, kile kinachopakana na ukuta, alikuwa amelala mama yangu mzazi. Ilikuwa wiki ya pili tangu afanyiwe upasuaji wa nyonga. Hakuweza kusimama bila kushikwa.

Mvua ilianza saa saba na nusu mchana. Breki anasema, "Nimefanya kazi nje maisha yangu yote, mvua ile sijaiona tena. Nilikuwa ndani ya mashine na sioni ndoo ya mashine yangu mwenyewe."

Mama Turubai alisimama juu ya tuta na fimbo aliyoichora alama. Saa nane kamili, maji yalikuwa futi mbili kutoka ukingoni. Saa nane na dakika kumi, futi moja. Bomba la kutolea maji lilikuwa halitoi. Mtu alikuwa ametupa mifuko mitupu ya saruji bwawani, nayo ilikuwa imeziba mdomo wa bomba, chini kabisa.

Akaingia majini. Hajui kuogelea, wasikilizaji. Aliingia mpaka kiunoni, akapapasa kwa mguu, akapapasa kwa mkono, uso umegusa maji. Hakuufikia ule mdomo. Akatoka, akapanda tena juu ya tuta. Na pale ndipo alipoisikia.

Gunia. Pole pole. Chini ya miguu yake.

"Nilimwona amesimama hasogei," anasema Breki. "Nikadhani kapigwa na radi akiwa wima. Macho yamemtoka."

Binti yake ameniruhusu niseme hili. Mama Turubai alijikojolea pale juu ya tuta. Alimsimulia binti yake mwenyewe, bila aibu. Alisema mvua ile nani angejua. Alisema miguu ilikataa kabisa, ikabidi ashike paja kwa mikono miwili na kuunyanyua mguu, wa kwanza, kisha wa pili, mpaka akashuka.

Akampigia mhandisi. Alikuwa mkutanoni mjini, simu haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani. Akamwendea nyapara, ambaye alikuwa amejikinga kwenye kibanda cha vifaa. Nyapara akasema bila bosi yeye hagusi kitu, na mvua itakata muda si mrefu.

Akamtuma mlinzi wa geti ashuke mtaani kugonga milango. Mlinzi alikwenda, namshukuru. Lakini kwa kishindo cha mabati siku ile, nani angesikia hodi? Milango mitatu tu ndiyo iliyofunguliwa. Wangu haukuwemo.

Ndipo akamfuata Breki kwenye mashine.

"Kaka Breki, washa. Kata kuanzia hapa mpaka shimoni."

"Shimo la msingi?"

"Hilo hilo. Maji yaende huko."

"Dada, mle kuna nondo za wiki tatu. Keshokutwa ni zege. Nani amesema?"

"Mimi."

"Wewe huna mamlaka hayo, dada, na unajua."

Mama Turubai akavua kofia yake ya plastiki, yenye namba yake ubavuni, akaitundika kwenye mlango wa mashine. "Wakikuuliza, waonyeshe hiyo. Waambie mwenye namba hii ndiye aliyekuamuru."

Breki akamuuliza kuhusu watu walio shimoni. Akamwambia, "Nakwenda kuwatoa. Nikiinua mkono, kata. Nisipoinua, usikate hata ukiona nini."

Akaenda mbio mpaka ukingoni mwa shimo. Mafundi nondo walikuwa wamejibanza chini ya mbao, wanangoja mvua ipungue. Mmoja akamwona, akapaza sauti, "Mama Turubai, umekuja kutufunika?" Wakacheka wote.

Yeye hakucheka. Akawaambia, "Tokeni wanangu. Sina nguvu ya kusema mara mbili."

Sijui waliona nini usoni mwake. Walipanda ngazi. Alisimama juu akimgusa kila mmoja begani anapofika. Mmoja. Wawili. Watatu. Mpaka kumi na mmoja.

Ngazi ikawa tupu.

Asubuhi alikuwa amehesabu kumi na wawili.

Wasikilizaji wapendwa, nimejaribu kujiweka pale nikashindwa. Kulia kuna tuta linalovuja. Kushoto kuna mtu mmoja asiyeonekana. Akakimbilia ngazi akateremka. Mwanamke aliyeogopa ngazi za studio yetu.

Wa kumi na mbili alikuwa fundi mzee, masikio yake yameharibiwa na mashine za kukatia chuma. Alikuwa kwenye kona ya mwisho, palipo chini kuliko pote, ameupa mgongo ulimwengu, anafunga waya. Hakujua wenzake wameondoka. Naye pia alikuja msibani. Aliniambia kwa ile sauti kubwa ya watu wasiosikia, "Nilishtukia nimekamatwa mkanda kwa nyuma. Nikadhani ni ugomvi. Nikageuka, nikaona midomo yake inacheza, neno silisikii. Lakini nikaona meno yanagongana. Nikaacha koleo, nikamfuata."

Na Breki? "Muda ule sitausahau," aliniambia. "Nimeshika vyuma vya mashine. Kulia naona tuta linatoka maji kwa nje, linachuruzika kama mtu mwenye homa. Kushoto naona ngazi haina mtu. Nikisubiri, mtaa unakwenda. Nikikata, dada yangu yuko shimoni. Nilikuwa nalia, mtangazaji. Mtu mzima."

Kwanza kikatokea kichwa cha fundi mzee. Kisha cha Mama Turubai. Akapanda, akapiga magoti kwenye tope, akainua mkono.

Breki akakata.

Alichimba mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mara ya saba maji yakaiona njia. Yaliingia shimoni kwa robo saa nzima, na nondo za wiki tatu zikazama mpaka zikabaki ncha. Bwawa likashuka. Tuta likatulia.

Kule kwetu mtaani hakikutokea kitu. Naomba mlisikie vizuri neno hilo. Hakikutokea kitu. Maji kidogo yalipita chini ya ukuta, tope likafika kwenye vifundo vya miguu. Mama yangu aliamka saa kumi, akaomba chai.

Mhandisi alifika saa kumi na nusu. Akakuta msingi wake umekuwa ziwa. Hakupiga kelele. Alimuuliza Mama Turubai mbele ya watu wote, "Ulikuwa na uhakika gani kwamba tuta lingebomoka?"

Akajibu, "Sikuwa na uhakika. Nilikuwa na hofu."

Mhandisi akasema hofu ya mtu mmoja haiwezi kuzamisha kazi ya wiki tatu. Akamwambia akabidhi gambuti na daftari. Hivyo ndivyo alivyomwagiwa unga, jioni ile ile, akarudi nyumbani kwa viatu alivyoazimwa na mke wa mlinzi.

Na sasa nifike pale nilipotaka kupakimbia.

Ijumaa asubuhi nilikaa kwenye kiti hiki, mbele ya kipaza sauti hiki. Nikasema, "Majirani zetu wajenzi wametuletea tope hadi mlangoni. Viatu vyangu vipya ndiyo basi tena. Nasikia kuna watu wanalipwa kuzuia maji kule juu. Sijui huwa wanafanya nini." Mkapiga simu wengi siku ile. Tulicheka sana.

Mama Turubai alikuwa nyumbani, anasikiliza.

Nilimuuliza binti yake, Jumatano, mbona safari ile hakuja studio kama alivyokuja kwa ajili ya vumbi. Binti akanijibu, "Mimi nilitaka kuwapigia. Nilikuwa nimeshika simu. Mama akasema weka chini. Akasema, 'Wanalalamikia viatu. Basi wako salama.' Akaenda kulala. Alilala mpaka jioni, na haikuwa kawaida yake."

Niliinama nikaanza kuokota vipande vya vitambaa sakafuni, kimoja kimoja.

Jumatatu iliyofuata walimaliza kunyonya maji. Bwawa likawa tupu. Wakaona ufa ndani ya tuta, upande wa kwetu, kutoka ukingoni kwenda chini. Mhandisi aliingiza mkono. Uliingia mpaka begani na hakugusa mwisho. Breki alikuwepo. Anasema mhandisi alikaa vile, mkono ndani ya udongo, kwa muda mrefu, kisha akautoa akaomba wafanyakazi wote watoke chini ya tuta lile mara moja.

Baada ya wiki mbili akaenda nyumbani kwa Mama Turubai, na gambuti zake ndani ya mfuko. Mama Turubai alikubali kurudi, kwa sharti moja. Akisema watu watoke, watoke kwanza, maswali baadaye. Mhandisi akakubali, akaliandika kwenye ubao wa getini. Alifanya naye kazi miaka saba, saiti nne. Katika saiti hizo nne hakuna aliyefukiwa.

Lakini msifikiri hofu ilimwachia. Ilizidi. Binti anasema baada ya siku ile mama yake alikuwa hali chochote mvua ikinyesha. Anasimama mlangoni, kijiko mkononi, chakula kinapoa. Mhandisi naye nilimwona makaburini, amesimama nyuma ya watu. Nilipompa mkono aliniambia, "Bado nauota ule ufa. Naota naingiza mkono na hauishi."

Kifua kilianza kumsumbua miaka minne iliyopita. Madaktari walisema ni vumbi, vumbi la zamani, la ile miaka aliyochanganya saruji na kubeba kokoto amejifunga mtandio puani tu. Vumbi la baadaye alilimwagia maji, alilifunika, alilizuia lisifike kwa watoto wetu. Lile la kwanza lilikuwa tayari limeingia.

Jumatatu jioni, siku yake ya mwisho kuongea, ilinyesha. Akamuuliza binti yake, "Maji ya paa hili yanakwenda wapi?" Binti akatoka nje ya wodi kwenda kuangalia. Kulikuwa na mtaro kando ya ukuta, umezibwa na majani na chupa. Akainama kwenye mvua, akautoa uchafu wote kwa mikono, akangoja mpaka maji yakaanza kwenda. Akarudi ndani amelowa, akamwambia, "Mama, kuna mtaro. Uko wazi."

Mama Turubai akafumba macho.

Mama yangu mimi aliishi miaka sita baada ya Alhamisi ile. Alitembea tena. Alishuhudia mjukuu wake akianza shule. Jumatano niliporudi kutoka msibani niliingia kwenye kile chumba cha nyuma, nikakaa kwenye kitanda chake, nikautazama ukuta. Ndipo hofu ikanishika, miaka kumi na moja imeshapita. Nikamwita mwenzangu aje anishike mkono. Nilikuwa naangalia tu ukuta mkavu, jua linawaka nje, na naogopa.

Kwa niaba ya kituo hiki, na kwa niaba ya nyumba kumi na nne za mtaa wetu, natoa pole kwa binti yake mshonaji, kwa wajukuu wake wawili, kwa mzee Breki, na kwa wote waliofanya naye kazi. Poleni sana. Mungu amlaze mahali pema. Na kwako wewe, Mama Turubai, naomba radhi kwa yale niliyoyasema hapa. Niliyasema kwa sauti kubwa, watu wengi walisikia, kwa hiyo na radhi nimeona niiombe kwa sauti hiyo hiyo.

Wasikilizaji wapendwa, kila mmoja wetu ana mtu anayemwona ana wasiwasi kupita kiasi. Yule anayerudi kuangalia jiko mara mbili. Yule anayeuliza maswali kwenye mkutano wakati wote mnataka kwenda nyumbani. Leo nawaomba tumsikilize mara moja hadi mwisho, kabla ya kumcheka.

Jirani na studio hii wameanza kuchimba msingi wa jengo jipya. Mmeusikia mngurumo wake nyuma ya sauti yangu wiki nzima. Leo mchana, kabla ya kuja hewani, nilivuka barabara nikagonga geti lao. Nikamwambia mlinzi nataka kujua, mvua ikinyesha, maji yenu yatakwenda wapi. Akanitazama kuanzia juu mpaka chini. Akauliza, "Wewe ni mkaguzi?"

Nikamwambia hapana. Mimi ni jirani, na naogopa.

Akafikiri kidogo, kisha akafungua geti.